Nilikuwa kwa Shangazi Chencha

Bondeni, Texas
Novemba 29

Mama yangu mpendwa,

Naomba baraka zako kwanza, kama ulivyotufundisha, halafu ndiyo tusalimiane. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Lubbock? Eleuterio aliniambia siku hizi unalala na soksi pea mbili na bado unamlaumu yeye kwa upepo wa mji mzima. Msalimie huyo kaka yangu, mkewe na watoto. Mimi ni mzima. Bega linauma nikiinua kitu, lakini mbavu zimeunga na usiku napumua vizuri. Kinu cha baba kinasaga mahindi kama kawaida, na habari hiyo nimeipigania.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Kuna jina ambalo ukilisikia unakata simu, na jina hilo limo humu mara nyingi. Barua huwezi kuikatia. Unaweza kuichana, ila najua utaisoma kwanza. Tena namuwahi rafiki yako Nicanora, maana alikaa mahakamani mstari wa mbele, pochi mapajani, kama yuko sinema. Nimemziba mdomo kwa dazeni tatu za tamales za nguruwe, unga laini wa mahindi na nyama tele, zimefungwa vizuri kwenye maganda ya mahindi. Atavumilia mpaka Jumapili.

Unakumbuka Desemba iliyopita lile lori la mabalungi lilivyoruka taa nyekundu likanigonga, nikiwa napelekea wateja unga wa tamales. Nilikuambia nililala nyumbani siku kadhaa nikidhani ni michubuko, mpaka Jumamosi pumzi ilipokata nikakimbizwa hospitali na kulazwa. Hiyo ya Jumamosi ni kweli.

Bima ya lori ilikubali kulipa dola elfu sitini, maana dereva mwenyewe alikiri. Nikajua nimepata mashine ya kukandia unga. Kwa bega hili siwezi tena kukanda unga wala kubeba gunia, na nisipokanda kinu cha baba kinafungwa. Kumbe hospitali walishanitangulia. Walikuwa wameandikisha zuio kwa karani wa kaunti, kwamba fidia yangu isitoke mpaka wao wachukue chao, na chao kilikuwa karibu yote. Bima ikagoma kuandika hundi isiyo na jina la hospitali. Wewe ukaniambia kwenye simu, walipe mwanangu yaishe, hospitali haishindwi. Samahani Mama, maneno yale yaliniudhi kuliko lile lori.

Nikaenda kwa wakili, yule binti wa Yzaguirre muuza viatu. Aliposoma karatasi zao alicheka, akasema hawa jamaa wanategemea kwamba hakuna atakayeuliza. Akanieleza kwamba sheria ya Texas inairuhusu hospitali kushika fidia ya majeruhi, lakini imeiwekea mipaka. Hata ikiwa na haki, haivuki nusu. Na haki yenyewe haipo kabisa kama mtu hakulazwa ndani ya saa sabini na mbili tangu ajali. Basi wewe uligongwa lini, akauliza, na ulilazwa lini? Nikamwambia Jumanne asubuhi, Jumamosi jioni. Aliacha kucheka, akaniuliza tena taratibu.

Hospitali nao si wajinga. Ile Jumanne polisi alinishusha kwenye mlango wao wa dharura, nikaandika jina langu mapokezi, nikakaa. Watu walikuwa wamejaa, Krismasi imekaribia, nina oda za nusu ya parokia, na nilikuwa nawaza bili. Nikaondoka kabla sijaguswa na mtu. Sasa wakili wao akashika lile jina. Alidai nililazwa siku ileile, na kwamba Jumamosi nilirudi tu kuendelea na matibabu. Halafu akanifuata kwenye korido, sauti laini, akasema bibi, sisi tuchukue nusu, wewe chukua inayobaki, tumalizane kiungwana. Nikamjibu kwamba kiungwana ni kuniletea supu nilipokuwa nimelala kwenu. Nusu yenyewe, nikitoa ya wakili na madeni ya mwaka mzima bila kazi, hainunui mashine. Nikakataa.

Ikabidi jaji aambiwe nilikuwa wapi kuanzia Jumanne mpaka Jumamosi.

Nilikuwa kwa Shangazi Chencha, Mama. Kwenye kochi lake, lilelile alilofia baba. Wifi yako uliyetukataza kukanyaga kwake tangu baba afe, kwa sababu alimkanda mkono wakati moyo wake unasimama. Nilikwenda kwa miguu yangu, na haikuwa mara ya kwanza. Watu wetu mfupa ukiuma wanakwenda kwa mkandaji kwanza, na mimi ni mtu wetu. Sikuombi radhi kwa hilo.

Wakili wangu alinitahadharisha kwamba Shangazi akisimama pale watamvua nguo kwa maswali. Nilipomwambia, yule mzee akauliza kama Socorro atasikia. Socorro ni wewe, Mama. Nikamwambia atasikia tu. Akasema haya, nipigie pasi gauni la kanisani.

Alieleza yote. Kwamba Jumanne, mkono wake wa kwanza tu ulipogusa bega, aliniambia, "Herlinda, mfupa huu umevunjika, mimi nakanda misuli, sifungi mifupa, nenda hospitali." Kwamba nilimwambia nikishamaliza oda. Kwamba kila asubuhi alinigombeza na kila asubuhi nilimjibu vibaya. Jaji akamuuliza kwa nini hakunilazimisha. Shangazi akamtazama akasema, "Mheshimiwa, humjui huyu." Hata karani alicheka.

Ndipo wakili wa hospitali aliposimama. Alimuuliza, kwa dharau ambayo sitaisahau, kama katika huo ukandaji wake hajawahi kumchelewesha mtu hospitali akafa. Wakili wangu alipinga, lakini Shangazi akainua mkono, akasema atajibu.

Alisema, kaka yangu.

Sasa soma polepole. Alisema baba alifika akishika mkono, jasho linamtoka. Yeye alimwambia hapohapo kwamba huo si msuli, akachukua funguo, akawasha gari. Baba alikataa kupanda. Ile mara ya kwanza alipolazwa, alipovunjika mguu kwenye ghala la vitunguu, ile fidia ambayo umeamini mpaka leo kwamba aliimaliza kwenye kamari ya majogoo ng'ambo ya mto, ilichukuliwa yote na hospitali. Walimpa karatasi akiwa kitandani, akatia sahihi bila kumuuliza mtu, na aliona aibu kukuambia. Akasema bora umwone mcheza kamari kuliko mjinga. Kwa hiyo siku ile alimwambia dada yake, "Nikiingia mle, safari hii watachukua kinu. Nikande tu." Akamkanda, akilia, kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya. Na baba akamwapisha asikuambie, ili usijue kwamba alikufa kwa kuogopa bili.

Miaka kumi na minne umemkasirikia mtu aliyekuwa amewasha gari. Alikuacha umkasirikie, kwa sababu aliahidi.

Yule wakili wa hospitali alikaa akaanza kupanga karatasi zake zilizokuwa zimepangwa tayari. Jaji alitaka aonyeshwe rekodi yoyote ya kitanda, dawa au eksrei ya Jumanne. Haikuwepo. Akaamua kwamba jina mapokezi si kulazwa, na kwamba zuio halipo. Deni lipo, silikatai, walinitibu na nitawalipa kidogo kidogo kama mdai mwingine yeyote, tena kwa bei tutakayobishania. Ila fidia yangu hawaigusi. Baba alitia sahihi. Mimi niliuliza.

Mashine imefika juzi. Desemba tarehe ishirini na tatu tunafunga tamales hapa nyumbani kama zamani, na Shangazi Chencha atakaa kwenye kiti kilicho karibu na jiko. Nakualika, Mama, kwa moyo wote, na Eleuterio amekubali kukuleta. Ukija utamkuta hapo. Usipokuja nitaumia sana, lakini kiti chake sikiondoi.

Na jambo la mwisho. Zile tamales nilizowatumia mwaka jana, ulizopiga simu kusifu kwamba hujala laini kama zile tangu uolewe, mimi nilikuwa nimelala kwenye kochi nikitoa amri tu. Unga ulikandwa na wifi yako. Alipojua kasha moja linakwenda Lubbock, aliurudia akaukanda upya.

Wabusu watoto, na mpake kaka mafuta ya mgongo hata akikataa. Mungu akulinde na upepo huo.

Shangazi anakusalimu. Amenikataza kuiandika salamu hiyo, na nimeiandika.

Ni mimi binti yako,
Herlinda