Ndege Ndani ya Masale

Jumanne, 8 Juni 1948

Ukungu tangu alfajiri. Baba ameondoka kabla uji haujaiva — amekwenda kwenye ndege. Mama kamfunikia bakuli, mimi nimempelekea. Kila siku ni hivyo. Njia ya kwenda kule miguu yangu inaijua kuliko njia ya shule, na shule yenyewe nilimaliza Desemba.

Naandika ili mkono usilale. Mwalimu alituambia, aliyemaliza darasa la sita akikaa miezi sita bila kushika kalamu anarudi alikoanzia. Miezi sita ndiyo hii.

Ndege ilianguka mwaka 1943, wakati wa vita, upande wa juu wa shamba letu la kahawa, pale palipokuwa malisho. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alimtoa rubani kupitia dirishani, akamfunika koti lake. Siku ya pili wakaja Wazungu wa jeshi. Wakamchukua rubani, wakachukua bunduki na mitambo midogo midogo ya mbele. Afisa akampa Baba koti la jeshi badala ya lake lililoloa damu. Akamwambia, kwa mkalimani: Angalia hii mpaka turudi.

Hawajarudi. Miaka mitano! Baba bado anaangalia.

Alipanda masale, ile mimea ya mpaka yenye majani marefu, kuizunguka yote. Hapa Akheri hakuna asiyejua — palipopandwa masale pana mwenyewe. Mtoto haruki, mwizi haruki. Ng'ombe tu ndio hawajui, na hao Baba huwafukuza kwa fimbo. Ndiyo maana ndege yetu haijang'olewa hata msumari.

Mama anasema ameolewa na nusu ya mtu.

Jumamosi, 12 Juni

Nimepogoa kahawa na Mama mpaka mgongo umekataa kunyooka. Kazi ya kupogoa ilikuwa ya Machi, na ilikuwa ya Baba. Mikahawa imekuwa kama nywele za mgonjwa.

Jirani yetu Mama Nkasiogi alipita na mzigo wa majani. Akamwita Baba kwa sauti, kule juu: "Baba Eunike! Ndege yako imetaga?" Baba akajibu, bado inaatamia. Wakacheka wote wawili. Mama hakucheka. Mimi niliinama nikajifanya natafuta mkasi.

Laiti ningeweza kumjibu mtu namna ile. Mimi huwa nafikiri jibu siku ya pili yake.

Jumamosi, 19 Juni

Siku mbaya.

Tulikwenda mjini na ndizi. Mama alibaki sokoni, mimi nikaenda posta. Mwezi wa nne Baba alinifanya niandike barua kwa Kiingereza, ya tatu, kwa ofisi ya ndege za vita kule Nairobi. Aliniambia maneno kwa Kimeru, nami nikayavusha nilivyoweza. Tunawakumbusheni ndege yenu ni nzima. Tunauliza mtakuja lini.

Leo jibu lilikuwepo. Nililisoma nimesimama nyuma ya posta, mara nne, maana sikuamini Kiingereza changu. Lina mistari mitano. Ndege hiyo imefutwa katika vitabu vyao tangu mwaka 1944. Ndege za aina hiyo hazitumiki wala hazitengenezwi tena. Hakuna atakayekuja kuichukua. Na hawana habari ya mlinzi yeyote.

Hawana habari ya mlinzi yeyote.

Tumepanda na Mama kurudi nyumbani, bahasha kwapani. Baba alikuwa anatungoja mlangoni. Akaona bahasha. Akavua kofia! Akaishika kifuani kama anavyofanya kanisani Neno likisomwa. Akasema, "Haya, soma, mwanangu. Wanasemaje?"

Ningemsomeaje? Nikatazama karatasi, nikasema, "Wanasema wamepokea barua. Wanakushukuru, Baba."

"Na kuja?"

"Watakuja."

Hilo la pili sikulipanga. Lilitoka lenyewe.

Jumapili, 20 Juni

Baba alisimama baada ya matangazo ya kanisa, akawaambia watu wote. Serikali imemshukuru. Wanakuja.

Sikuimba.

Alhamisi, 24 Juni

Anaisugua ndege kwa jivu na mchanga. Ubavu mmoja sasa unawaka, ukisimama bondeni unauona kama maji. Kafyeka majani mpaka chini ya bawa. Kawahamisha nyuki waliokuwa wamejaa mkiani, kaumwa jicho likafumba. Anakohoa. Baridi ya mwezi huu si ya mtu mzima kulala chini ya bawa.

Leo aliniita nimwandikie upya namba iliyofifia ubavuni. Nikaandika kwa chokaa huku yeye ananieleza kila kitu, kama vile mimi ndiye afisa. Hapa mafuta yalipita. Kamba hii ukiivuta bawa linakunja ukingo wake. Miaka mitano ameigusa mpaka ameielewa. Akasema, "Walioiunda walikuwa na akili, Eunike. Angalia — hakuna kipande kilichowekwa bure."

Nikasema ndiyo, Baba. Namba nane ikaharibika. Akasema haidhuru, wataijua tu.

Mama huku chini anachuma peke yake. Kahawa za kwanza zimeiva na zinadondoka.

Jumatano, 30 Juni

Chumvi ya dukani ilifungwa kwa karatasi ya gazeti la Kizungu. Ndani yake picha — ndege ya vita, mpya, haina pangaboi kabisa. Pua tupu yenye tundu. Nilijaribu kusoma, nimeelewa nusu. Inavuta hewa mbele na kutupa moto nyuma.

Nilimwonyesha Baba. Nilitumaini atajiuliza mwenyewe. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza juu chini. Kisha akasema, "Basi hii yangu ni bibi yake. Ndiyo maana wanaifuata, wakamwonyeshe mjukuu."

Nimechoka. Uongo nao ni mzigo wa ndizi, ila huu huna pa kuutua.

Nilitaka kumwambia Mama. Alikuwa amekaa jikoni, mikono myeusi kwa utomvu, amelala huku ameshika kisu. Nikakitoa taratibu. Sikumwamsha.

Jumanne, 6 Julai

Wamekuja — lakini si wao.

Saa nne tulisikia lori barabarani chini. Baba akavaa koti lake la jeshi, akafunga vifungo vyote viwili vilivyobaki, akashuka karibu anakimbia. Mama akaweka loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, mezani kwa ajili ya wageni.

Alikuwa Bwana Philemoni, mfanyabiashara wa mjini, mtu wa Machame kama Mama, na vibarua wanne wenye shoka na misumeno. Mnene, mcheshi. Alipojua Mama ni wa kwao akaanza mara moja kumwita Baba shemeji. Akala, akasifu. Kisha akatoa karatasi yenye muhuri. Ameinunua ndege kama chuma chakavu. Anakwenda kuikata awauzie mafundi, watengeneze sufuria na karai.

Baba alifikiri ni mzaha. "Sufuria? Hii?"

"Shemeji, bati lake ni jepesi na haliliwi na kutu. Nusu ya mji inapikia mabawa bila kujua."

"Wenyewe wanakuja. Wameniandikia."

"Wenyewe ndio walioniuzia mimi!"

Tukapanda wote mpaka kule. Vibarua walikuwa mbele, na walipofika kwenye masale wakasimama. Wote wanne, kana kwamba kuna ukuta. Bwana Philemoni akawaambia haya, ingieni. Mmoja akajibu kwamba yeye ana watoto nyumbani, hataki kuwapelekea laana. Mwingine akasema aanze tajiri. Basi Bwana Philemoni akainua mguu — na akaurudisha! Akajifuta jasho akacheka. "Aliyeyapanda ayang'oe mwenyewe, shemeji. Mimi na karatasi yangu hatuyaruki."

Baba akasema hang'oi.

Wakabishana, sauti haikupanda. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, walikuwa na heshima. Mwishowe Bwana Philemoni akasema, "Unasema una barua. Ninayo yangu. Kesho asubuhi nakuja, tuzisome zote mbili mbele ya watu. Yako ikisema wanakuja, nageuza lori."

Baba akasema vema. "Binti yangu ndiye anayeitunza. Anasoma kama Mzungu."

Wote wakanigeukia. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

Jioni nilimwambia Mama. Nilitegemea makofi. Aliendelea kuchambua kahawa, mbovu huku, nzima huku. Kisha akauliza kitu kimoja: "Umemwonea huruma, au ulimwogopa?" Nikasema sijui. Akasema, "Asikie kutoka kwako kabla hajasikia kwa yule. Mbele za watu atakufa."

Nikasema mdomo wangu hautafunguka, Mama, unanijua. Akafikiri. Akanikumbusha jinsi Baba mwenyewe alivyowaudhi wajomba zangu kule Machame, alipochelewa mwaka mzima kuja kuposa. Hakuwa na la kujitetea. Alikwenda na jani la isale, haya haya masale ya mpakani, lililofungwa fundo, akaliweka mbele ya babu, baba yake Mama, bila neno. Aliyepewa isale hawezi kukataa kusamehe. "Mdomo si lazima," Mama akasema.

Jumatano, 7 Julai. Asubuhi

Naandikia shambani, kwenye mikahawa, daftari juu ya goti. Umande umelowesha ukurasa. Kutoka hapa ndege naiona yote.

Nimefika kabla yake. Masale niliyoyaona karibu ni yale yale aliyoyapanda, sikuwa na mengine. Nimechuma jani moja katika mpaka wake mwenyewe. Nimelifunga fundo — la kwanza lilifunguka, nikafunga tena. Nimeingia ndani, mara ya kwanza bila yeye kuniita, nikaliweka juu ya kigoda chake chini ya bawa. Barua chini yake. Kisha nikakimbia. Ndiyo, nimekimbia.

Baba amekuja. Amevaa koti. Ana fimbo.

Ameona kigoda. Amesimama tu. Labda anafikiri ni Bwana Philemoni ameomba radhi.

Ameokota jani. Analigeuza, anaangalia fundo. Sasa anaangalia masale, moja moja, anatafuta lilikochumwa. Amepaona. Anapagusa kwa kidole.

Ameona barua. Anaijua, ile bahasha yenye kona iliyochanika.

Lori linanguruma chini barabarani. Limesimama. Nasikia mlango, nasikia Mama Nkasiogi anawauliza kama wameleta chungu cha kupikia yai.

Baba hajageuka kuwatazama. Jani ameliweka katika mfuko wa koti, ule wa ndani, na amefunga kifungo. Basi amelipokea! Hajui ni la nini, na amelipokea.

Sasa amenyoosha barua kwa mikono miwili. Hajui kusoma hata herufi ya Kiingereza. Anatazama huku, kwenye mikahawa. Sijui kama ananiona.

Amevua kofia, anangoja asomewe.