Kamera ya Kuinama Nayo

Nchelenge, Jumanne

Mpumbavu yule muuzaji! Eti kamera yake inayong'aa ni ya mfukoni. Niliitia mfukoni, nikainama kama ninayeanika chisense, dagaa wetu wa ziwani, mchangani, ikachomoka.

"Dada, juu ya nini unainama?" akaniuliza.

Hajawahi kuanika samaki, huyo. Nikachukua nyingine, nyeusi, ndogo, yenye sura mbaya, isiyoteleza.

Baba alikufa akituachia picha moja tu, ya kitambulisho, amekaza uso kama mshtakiwa. Mama naye akiona kamera hukimbilia gauni la kanisani, kisha husimama kama nguzo. Naogopa siku moja nitabaki na nguzo.

Jioni, ufukweni, Mama akianika samaki, nikaitoa.

"Mutoto wangu, hii ni kamera ao kipande ya sabuni?" Akacheka mpaka samaki wakamponyoka mikononi.

Alipokumbuka gauni, nilikuwa nimeshabonyeza.