Swali la Nne Lilihusu Ushujaa

Mama,

Jana nilifanya mtihani wa fasihi hapa Mbarara. Ile riwaya ya Kiingereza niliyokuwa nakusomea kambini Nakivale ukipalilia maharagwe ndiyo iliyotoka. Swali la nne: ushujaa ndiyo dhamira kuu, jadili.

Jibu tulikuwa nalo tangu muhula wa kwanza. Madamu wa fasihi alitwambia mhusika mkuu anakimbia vita, anarudi mtu mkubwa, basi ni shujaa. Tukakariri. Lakini siku nilipokutafsiria sura ile anapomwacha mama yake mzee ndani ya nyumba, ulisimamisha jembe. "Ule si shujaa. Ni mutu mwenye kuumia tu. Mwalimu wako hakuona?"

Nilikasirika. Mfadhili anayenilipia ada alishasema nikifeli, shule basi. Nikakwambia, "Unasema hivyo kwa sababu na wewe ulimwacha bibi kule Kongo."

Uliinama ukaendelea kulima. Sikukusomea tena.

Halafu ukaugua. Kule hospitali, Ruharo, ulinishika kiganja ukauliza, "Yule mutu alirudi? Alimukuta mama yake?" Nikasema sijamaliza kitabu. Nilikudanganya, Mama. Nilikuwa nimekimaliza. Anarudi, anakuta majirani wamekwisha kumzika. Ningekwambiaje, nawe umelala vile? Kesho yake asubuhi ulikuwa umeondoka.

Basi jana nikaanza na jibu la Madamu. Nusu ukurasa. Nikalikata lote. Msimamizi akaita, "Dakika arobaini!" Jasho likanitoka. Nikaandika lako: kwamba yule mtu si shujaa wala si mwoga, kwamba kila anakokwenda anakwenda na yule aliyemwacha, na hiyo ndiyo dhamira. Nikaonyesha sura kwa sura.

Tulipotoka nje, Madamu alikuwa anatuuliza mmoja mmoja tulivyojibu. Nilipomwambia, akashika kichwa.

"Wewe! Hiyo ulitoa wapi? Kwa notisi haiko!"

"Kwa mama yangu."

"Yeye alisoma wapi?"

"Hakusoma, Madamu. Na amefariki."

Akatoa mikono kichwani. Akauliza taratibu, "Lakini ulitoa mifano kwenye kitabu?"

"Nilitoa."

"Basi tungoje. Wanaweza kukunyima maksi zote, ujue."

Najua. Matokeo bado. Lakini kinachoniuma zaidi si maksi. Nisamehe yale maneno ya shambani. Nisamehe na lile la hospitali.

Jumapili nakuja Nakivale. Nitamuuliza Mjomba Bahati siku ile mliyotoka Kongo ilikuwaje: nani aliamua, bibi alisema nini, wewe ulimjibu nini. Nakuahidi nitakaa nisikilize mpaka amalize, hata kama nitalia, na sitamhukumu mtu.

Pumzika, Mama yangu.

Binti yako,
Neema