Korosho za Kupigia Kura

Newala

Dada yangu Kokushubira,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba umeanza kuukanyagia bila gongo, ila Mama husema hivyo hata kwa mtu aliyelala kitandani, kwa hiyo niambie wewe mwenyewe. Na migomba je, mvua imewahi huko? Mimi mwili hauna shida. Ugali wa muhogo nimeuzoea, siku hizi nikiukosa nauulizia. Kichwa ndicho kimechoka. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningepaza sauti, na anayeishi upande wa pili wa ukuta wangu ni Mwalimu Mkuu.

Nilishakueleza kwamba mwaka huu nimewapa Darasa la Nne saa yao. Jumanne na Alhamisi, vipindi vikiisha, saa nzima ni ya watoto. Wao ndio wanaoamua wajifunze nini na kwa njia gani. Wanakaa baraza, wanabishana, wanapiga kura, na mimi nina kura moja kama mtoto yeyote. Nikiwa chuoni nilisoma habari za shule ambazo watoto hujiongoza hivyo tangu asubuhi hadi jioni. Nikajisemea, shule nzima hakuna atakayenipa, basi nipewe saa moja. Mwalimu Mkuu, mama wa Masasi mwenye roho nzuri na woga mwingi, alikubali kwa sharti kwamba kisitokee kitu.

Kitu kimetokea.

Wiki za mwanzo walipitisha mpira. Mpira, mpira, mpira, na mimi golini na suruali yangu ya kazini. Nilikuwa karibu kukata tamaa. Halafu siku moja akasimama binti mmoja anaitwa Somoe, ambaye tangu Darasa la Kwanza hakuna mwalimu aliyemsikia akisema zaidi ya "shikamoo". Akauliza kwa nini maji yako bondeni na sisi tunaishi juu. Basi. Huku juu, dada, maji ni safari. Watoto wanateremka mlima na kupanda na ndoo kabla hata hawajanawa uso. Wakapiga kura kulichunguza jambo hilo. Wakapima njia kwa kamba ya katani. Wakapima maji bondeni, wakayapima tena nyumbani. Somoe, aliyekuwa anapata sifuri kwenye hesabu za sehemu, akaja kuniambia kwamba ndoo yake inamwaga robo njiani na ya dada yake inamwaga theluthi, kwa sababu dada yake haweki majani juu ya maji. Kisha akawaeleza wenzake ubaoni kwa nini theluthi ni hasara kubwa kuliko robo, wakati tatu ni ndogo kuliko nne. Mimi nilihangaika na somo hilo muhula mzima bila mafanikio.

Sasa nikuambie kosa langu, na ucheke ukitaka.

Watoto waliopita jando na unyago huku wanaheshimiwa na wenzao, hata kama umri ni uleule. Kwenye baraza hao wakinyoosha mkono, wote waliobaki wananyoosha. Hiyo si kura. Nikaona tupige kura ya siri: makopo mawili nyuma ya mlango, kila mtoto atumbukize kitu kidogo anakotaka. Kitu gani? Huku mchanga mtupu, hata kokoto huioni. Ilikuwa msimu wa korosho, nikawaambia kila mtu aje na korosho moja. Mtu wa Muleba mimi, najua nini? Kwetu mtoto akija shuleni na punje ya harage, nani atamuuliza kaitoa wapi?

Walikuwa wanaziokota njiani, chini ya mikorosho ya Baba Zuhura, ambaye binti yake yumo darasani humohumo. Na huku korosho iliyoanguka haiokotwi na asiye mwenye mti, hata moja, hata mgeni mwenye njaa. Bibo, lile tunda lake, akitaka atalitafuna, korosho ataiacha palepale shinani. Kila mtoto analijua hilo. Waliokota kwa sababu mwalimu kasema.

Nami baada ya kila kura nilikuwa namimina zote kwenye debe chini ya meza yangu. Baraza baada ya baraza, debe likafika nusu.

Baba Zuhura alikuja asubuhi, kavaa kanzu safi, akapiga hodi kistaarabu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Kisha akasema, "Mwalimu, nimekuja kuziangalia korosho zangu." Akainama mwenyewe, akalivuta debe.

"Hizo ni kura, mzee," nikasema.

"Kura za uchaguzi gani?"

Dada, nilieleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Aliniacha nimalize, akanitazama kwa huruma, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kufika mchana kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba mwalimu wa kutoka Bukoba anawatuma watoto wamwokotee korosho. Debe nilimrudishia na msamaha nikaomba mbele ya watu. Haikusaidia. Kwenye mkutano wa wazazi wakasema ama ile saa ife, ama mwalimu ahamishwe. Mama Somoe, aliyewahi kuniletea kuku kwa kunishukuru, alikaa mstari wa mbele akitazama vidole vya miguu yake. Nilimkasirikia kuliko wote.

Nikatishe hapa nitoe salamu, maana nikifika mwisho sitakuwa na hamu nazo. Msalimie Mama, mwambie dawa ya macho niliipata. Msalimie shemeji, na mjomba anayetunza kahawa zetu, na yule shangazi wa kanisani anayeniombea mke. Mwambie aendelee tu. Wapwa zangu wabusu wote.

Basi Mwalimu Mkuu akaniletea karatasi niandike kwamba ile saa nimeiacha kwa hiari yangu. Nikamjibu si yangu, ni ya watoto, waulizwe wao. Kusema kweli nilikuwa najidai. Nilijua watakataa, na nilitaka kijiji kiwaone wakikataa.

Jumanne wakakaa baraza, Mwalimu Mkuu kakaa pembeni. Somoe akasimama. "Tukikataa, Mwalimu atahamishwa?" Nikasema hiyo siyo ajenda. Zuhura akasema, "Baba kasema atahamishwa." Somoe akanigeukia, "Ni kweli?" Ningefanyaje? Nikasema huenda.

Wakapiga kura kwa vipande vya chaki. Kopo la kuacha lilijaa. Kopo la kuendelea lilikuwa na kipande kimoja, nacho nilikitumbukiza mimi.

Nikawauliza kwa nini. Somoe akasema mwalimu wa hisabati hawana mwingine. Nikapandwa na hasira, dada. Nikawaambia baraza limekosea, kura irudiwe. Mimi huyuhuyu, niliyewahubiria mwaka mzima kwamba baraza likishaamua, hata mwalimu anafuata. Somoe akasimama tena, mikono nyuma, kwa adabu zote za huku.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulikuwa na kura moja."

Nikaenda ofisini nikasaini.

Ndimi mdogo wako, mwenye hasira lakini mzima,

Projestus