Dume Asiyetoka Nyumbani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, pamoja na shikamoo zote nilizokunyima tangu mwezi wa pili. Magoti yanasemaje? Dada ananiambia umekataa fimbo, eti fimbo ni ya wazee. Sawa, kijana wangu, lakini ngazi za nyuma uzishuke polepole. Mimi ni mzima, ila nimechoka, uchovu wa kulala nao na kuamka nao.

Kazini bado nipo kwenye chumba kilekile cha makumbusho ulimokuwa ukileta vielelezo vya buibui ulipokuwa mchimbaji wao. Dirisha halifunguki, na harufu ya spiriti imeniingia hadi kwenye nywele. Miaka saba nimelea buibui kwenye makopo ya udongo. Niliwatoa wakiwa wachanga katika shimo la mama yao, mmoja wa wale wa bondeni wenye kifuniko cha udongo na utando kinachofunguka kwa bawaba, nikawalisha nyenje kila wiki. Mwenendo wao unaujua kuliko mimi. Jike hahami, hukaa shimo moja hata miaka ishirini, na kadiri anavyokua anapanua mlango. Dume akishakomaa huacha nyumba akatafute wake, wala hajengi tena. Mama alikuwa akisema tabia hiyo haikuanzia kwa buibui.

Basi mwezi wa pili dume mmoja akakomaa koponi mwangu. Nilimweka chini ya darubini, nikamlinganisha na madume wote wa kabatini. Kwa madume tunatazama vile vijikono viwili vya karibu na mdomo, maana kila spishi ina umbo lake. Akalingana na mmoja tu, Baba. Wako.

Nilipima mara nne, nikitamani nikosee. Najua Profesa wa zamani alivyoandika kitabuni mwake spishi mbili: ile ya bondeni, aliyoijua kwa majike tu, akaipa jina la tope, na yako, aliyoijua kwa dume mmoja tu, akaipa jina lako na kulitia mkia wa Kilatini, shukrani kwa mchimbaji wake. Tena alimshangaa dume huyo, mkomavu lakini amechimbuliwa shimoni mwake. Akamwita dume asiyetoka nyumbani. Tangu hapo mtaa mzima unakuita Mzee Buibui, nawe kila mgeni humpeleka ukutani ulikoutundika ukurasa ule wa kitabu, ukamwambia, “Mimi nitakufa, huyu hafi.” Kumbe hawa ni spishi moja, mke na mume, na jina moja lazima lifutwe.

Kwa kawaida hubaki jina lililotangulia, lakini haya mawili yalitoka kitabu kimoja, siku moja. Hapo sheria yetu inasema anayekuwa wa kwanza kuyaunganisha kwa maandishi ndiye anayechagua. Yaani mimi. Mwenzangu wa chumba cha vipepeo hata hakuinua kichwa: “Chagua la mzee wako. Nani atakuuliza?” Nikamjibu nitafikiri. Nilifikiri miezi mitatu, na ndiyo sababu hukupata barua.

Baba, nimechagua lile la tope. Makala imeshachapwa, na nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Sikuogopa kuambiwa napendelea. Niliogopa lebo ya chupa ya dume wako. Uliandika kwa mkono wako, “Amechimbwa shimoni.” Mama, kabla hajatutoka, aliniambia huku akicheka kwamba buibui yule alitumbukia kwenye ndoo yake ya kufulia, nawe ukahofia Profesa angemkataa kwa kuwa alitaka waliochimbwa tu. Neno hilo la lebo ndilo lililompotosha Profesa wa watu, akadhani ni spishi nyingine. Jina la spishi husimama juu ya kielelezo, na kielelezo juu ya lebo yake. Lako lingebaki, kila mtafiti angeitaka chupa ile, na siku moja mtu asiyekujua angekuita mwongo kwa maandishi. Mimi nimeandika tu kwamba lebo ina kosa. La nani, sikuandika.

Nimelia, sikufichi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuchimba bila kubomoa, nami nimebomoa chako. Ukikasirika una haki, lakini hasira hizo niandikie. Ukininyamazia nitaumia zaidi.

Msalimie dada na wanawe, na majirani wote wanaoniulizia. Makala yenyewe nimeitia humu bahashani, uvae miwani uisome mwenyewe. Juu kabisa, chini ya kichwa, wameandika jina langu, na baada ya langu, lako, kama ulivyonipa nilipozaliwa. Hilo hakuna sheria ya kulifuta.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba wako.