Maneno ya Mgongoni mwa Kitabu Chako

Shangazi yangu,

Nimeolewa. Hii ni wiki ya tatu, na bado nikisikia mtu akisema "mke wa Juma" nageuka kumtafuta. Ami, nduguyo, ndiye aliyenioza, hapa hapa Msambweni, na Juma alitabasamu mpaka akasahau la kujibu. Nampenda, Shangazi. Nampenda hata anavyokohoa. Lakini nilipotolewa nje niliangaza macho kukutafuta, nikakumbuka kwamba hupo tena.

Kibanda chako cha vitabu vikuukuu nakifungua kila siku. Visivyo na jalada navivika karatasi ya kaki kama ulivyonifunza, na nyuma naandika mistari michache kwa mkono. Mtaje mtu, ulikuwa ukiniambia, sema anataka nini, sema kimemzuia nini, kisha nyanyua kalamu. Wakumbuka nilipoandika hadithi nzima mpaka mwisho? Mwalimu mmoja aliusoma mgongo wote akiwa amesimama, akakirudisha kitabu mezani. "Ahsante bibie, nishamaliza." Ulicheka mpaka ukashika nguzo.

Juma naye aliletwa na mgongo wa kitabu. Alikuwa ametoka kazini, jikoni kwenye hoteli ya Diani, akasoma mistari yangu, akaniuliza, "Sasa huyu dada alimpata mtu wake au hakumpata?" Nikamwambia afungue asome. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka ukamshtukia. "Wewe kijana, wataka kusoma kitabu au wataka kumsoma mwanangu?"

Alipoleta posa ulisema utajibu. Ukaugua. Ukaondoka hujajibu.

Hilo ndilo lililonikaa kooni. Wewe ndiye uliyenilea, na nilivaa nguo za harusi bila kujua kama umeridhika.

Siku chache baada ya harusi nilifungua sanduku lako la leso, nikakuta madaftari matatu. Hukuniambia kama waandika kitabu. Nilikisoma chote mchana mmoja, nimekaa sakafuni. Kisa cha Mwanakombo anayemsukia bintiye wa pekee mkeka wa harusi, na huku mchumba mwenyewe, mpishi, yeye mama bado hajamkubali. Ukurasa wa mwisho umeandikwa kwa mkono unaotetemeka, mkono wako wa siku za hospitali. Mwanakombo anaushona ukili, utepe wa mwisho wa miyaa, anautandika mkeka, anawaita wote wawili wakae.

Nililia, Shangazi. Juma alikuja mbio, akidhani nimeumwa na nge.

Sasa mwenye mtambo wa kuchapa kule Ukunda anangoja maneno ya jalada la nyuma. Nimeandika mara tatu, na mara tatu nimeukamilisha ule mkeka, kwa sababu natamani Kwale nzima ijue kwamba ulikubali. Juma akasoma, akatikisa kichwa. "Mke wangu, umenimalizia. Sasa nikinunue cha nini?" Nilinuna. Kisha nikaona kwamba yale ni maneno yako, yamepita tu kinywani mwake.

Leo asubuhi nimeandika hivi:

"Mwanakombo anasuka mkeka wa harusi ya mwanawe wa pekee. Mchumba amekwisha kuja, wali umekwisha kupikwa, na binti amekaa ndani akisikiliza mikono ya mamake. Umebaki ukili mmoja. Mwanakombo ameushika, sindano mkononi, na hashoni."

Hapo nikanyanyua kalamu. Ilikuwa kazi nzito, wallahi, kulificha jibu nililolingoja kiasi hicho. Lakini ulinijibu mimi, na mimi nimelisikia. Wengine watafungua wasome.

Lala kwa amani, Shangazi. Mungu akupe nuru huko uliko. Nakuahidi atakayesimama kibandani akaniuliza kama mkeka ulikwisha, hata akiwa Ami mwenyewe, nitamkabidhi kitabu na kumvutia kiti.

Mwanao,
Mwanaidi