Aliyejiita Mwana wa Mangi

Jumanne. Masika imekaza tangu asubuhi, Mlima Meru hauonekani kabisa. Sijala.

Leo nimemkana mtu, na sijui kama nimemkana mwongo au ndugu yangu wa jando.

Mangi wetu, mtawala wa nchi hii, alinyongwa na Wadachi. Mwanawe wa pekee, kijana mbichi bado, alipelekwa pwani kwa minyororo, tukaambiwa amefia kifungoni. Juzi katokea mtu, uso umeliwa na ndui, anasema ndiye yeye. Anajua majina ya ng'ombe wa mama yake. Anajua nani alitetemeka siku tuliyotahiriwa. Lakini hayo si angeweza kusimuliwa na marehemu mwenyewe, wakiwa wamefungwa mnyororo mmoja?

Mama yake hakuuliza kitu. Alimtemea mate ya baraka kifuani, akapiga kelele, "Mwanangu huyu!"

Wadachi wakasikia, wakamkamata. Mimi ndiye mkalimani wao bomani, na nilitahiriwa siku moja na mwana wa Mangi. Kwetu, kuhusu mwanamume, neno la mwenzake wa jando linashinda hata la mama. Afisa alishatamka: akiwa mwana wa Mangi kweli, kamba, akiwa tapeli, viboko ishirini na vitano, aende zake.

Nikajiona mjanja. Nikasema, "Si yeye."

Akachapwa. Hakunitazama hata mara moja. Nilidhani nimemwokoa, kumbe! Uani palijaa watu wetu, na wote walinisikia. Mchana kutwa hakuna aliyemfungulia mlango, hakuna aliyempa hata maji. Nimeambiwa ameshuka njia ya Kisongo akichechemea, watoto wakimrushia matope.

Jioni mama yake kaja kwangu, ameloa chapachapa.

"Mwanangu, hapa hakuna Mdachi. Niambie mimi. Ni yeye?"

Ningesema ndiyo, angepata mwana. Ningesema hapana, angerudi kulala. Mungu wangu, nikamwambia ukweli: sijui, mama. Hata pale bomani sikujua.

Hakunilaani, afadhali angenilaani. Akajifunga kaniki yake vizuri, akauliza kama yule mtu ameshavuka mto wa njia ya Kisongo, akatoka kumfuata.

Yeye naye hajui, lakini amekwenda. Mimi nimekaa hapa na kalamu. Ni nini kinanizuia kuinuka?